Ukikaukiwa na picha, rudi palepale: uzi wa wapiga picha wa Mtwara na Lindi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha tangu mfungo, leo nimefunga studio mapema nimekaa kuuandika. Ni mrefu. Mwenye haraka auweke kiporo.

Mimi ni mpiga picha hapa Mtwara mjini, mwaka wa tisa sasa. Pasipoti saizi, mahafali, kicheni pati, sendofu, harusi: hizo ndizo zinazolipa pango. Korosho zikianza kuuzwa minadani, kuanzia Oktoba, hela inaingia vijijini na harusi zinafuatana hadi unakosa Jumamosi ya kupumzika. Mwaka juzi, katikati ya msimu huo, nilikuwa ufukweni Shangani na maharusi. Bwana harusi kamshika mwenzake kiuno, wote wanatazama bahari, jua nyuma yao. Nikabonyeza. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera nikaona picha ile ninayo tayari. Ilikuwa ileile kabisa, watu tu ndio wamebadilika.

Usiku nikawasha kompyuta, nikazipanga harusi 14 pamoja. Mkao mmoja, mnazi mmoja, saa ileile ya jioni. Iliniuma sana. Mtu anajinyima, anachangisha ukoo mzima kwa ajili ya siku moja, halafu mimi namkabidhi siku ya jirani yake.

Baada ya hapo miezi minne sikuinua kamera ila kwa kazi ya mteja. Wengi humu mnaijua hali hiyo. Unaona kila kitu kimeshapigwa.

Nikafanya makosa mawili, nayasema ili mwingine asipoteze muda wake.

La kwanza, nilikimbilia simu. Kila usiku natazama kazi za wapiga picha wa Lagos, wa Seoul, wa Paris, nahifadhi, kesho naiga. Nikimwambia bibi harusi ainamishe shingo kama yule wa Seoul, picha inatoka imekufa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa naiga mikao ya watu wanaoishi chini ya jua jingine.

La pili, nilikwenda Kilwa Kisiwani. Nilijiambia mahali pakubwa patanipa picha kubwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na anayesimama ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya zile kuba na matao ya matumbawe, hawezi kusema hakuguswa. Nilipiga picha zaidi ya 600. Niliporudi nyumbani nikakuta zote ni zile za kadi za posta. Kosa si la Kilwa. Nilikaa saa tano, nikavuka maji nikarudi Kilwa Masoko. Mahali hapajanijua wala mimi sijapajua, picha itoke wapi?

Kilichoniokoa ni sharti nililojiwekea kwa hasira: sehemu moja, lenzi moja, mwezi mzima. Lenzi ni ya 50mm, ile ndogo isiyovuta. Sehemu ni Mikindani, ule mji mkongwe wa pwani, kwa sababu daladala ni za uhakika na kutoka mjini ni kama kilomita 10 tu. Kwenda alfajiri, kurudi kufungua studio saa 4. Hakuna ruhusa ya kupiga mahali pengine popote.

Wiki ya kwanza sikupata kitu. Nilipiga Boma, lile jengo jeupe la Wajerumani la 1895, nikapiga milango ya nakshi, nikapiga ngalawa. Kadi za posta tena. Siku ya nane nilikuwa nimechoka kupiga, nikakaa tu barazani kwa mzee mmoja mvuvi. Nikamwamkia, tukaongea. Akaniuliza mbona ninakuja kwa saa, siji kwa mwezi.

Sikumwelewa. Nimezaliwa pwani, nimekula samaki maisha yangu yote, lakini sijawahi kupanga picha kwa kufuata maji. Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Huku kwetu siku za bamvua maji hukupwa mbali mnamo saa 4 asubuhi, na hapo ndipo kina mama wanashuka kutanda samaki wadogo na kuchokoa pweza, watoto wanaokota chaza, ngalawa zimelala ubavu. Kupwa kunachelewa kila siku, kwa kawaida kama dakika 50, hivyo ukitaka ngalawa hizohizo zimelala mchangani wakati jua ndiyo kwanza linachomoza, nenda siku nne tano kabla ya bamvua. Ukienda kwa saa ya mkononi tu, kama mimi, siku moja unakuta maji yamefika ukutani na siku nyingine yako upeo wa macho, na hujui kwa nini. Jedwali la maji lipo, litazameni kabla ya kutoka.

Sasa jambo lililonifungua macho hasa. Nikaanza kwenda siku za bamvua, saa 4 hiyohiyo ambayo kila mpiga picha anaikimbia kwa sababu jua ni kali. Nikawaona wale kina mama, nyuso zao zimejaa mwanga, macho yanang'aa, hakuna kivuli cheusi chini ya paji la uso. Nikashangaa. Kumbe mchanga uliolowa unarudisha mwanga juu kama kioo. Mtu akisimama kwenye mchanga mkavu, uso unakuwa na mashimo. Akisogea hatua sita kwenye maji ya kifundo cha mguu, uso unafunguka.

Hapo ndipo tatizo langu la harusi lilipokuwa limejificha. Sisi Mtwara tuko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya tatu ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Siku hizo adhuhuri mlingoti unasimama bila kivuli. Na msimu wetu wa harusi unaanzia hapohapo Oktoba! Ndiyo maana sote tunajibanza kwenye nusu saa ya jioni pale Shangani, mkao mmoja, mnazi mmoja. Tunaogopa mchana, basi siku nzima ya mtu tunaipiga kwa dakika 30.

Baada ya kujifunza mchanga nikajifunza ukuta. Mikindani kuna kuta zilizopakwa chokaa. Zikipigwa na jua upande mmoja wa njia, upande wa pili unapata mwanga laini kuliko taa yoyote niliyonunua. Kisha nikajifunza mlango. Mweke mtu hatua moja ndani ya kizingiti, uso uangalie nje. Barabara yenye jua ndiyo taa yako, na giza la ukumbi ndilo pazia lako. Yote haya yalikuwepo miaka yote tisa.

Mwezi wa sharti ulipoisha nikajiongezea mwingine. Nilipofikia Juni nikagundua mwanga wote umebadilika: jua limehamia kaskazini, hata mchana kivuli kinalala upande wa kusini, na linachomoza saa 12 na nusu badala ya saa 12 kasoro robo kama Novemba. Ukuta uliokuwa umekufa nilipoanza sasa uko hai. Nikaanza upya palepale.

Nashuka nayo, subirini.

*

Mleta uzi, sehemu ya pili:

Kuna mchongaji wa Kimakonde ana kibanda chake kando ya barabara huku mjini. Nilimwendea nikitaka kumpiga akichonga: mikono, patasi, vumbi la mpingo, mnaijua picha hiyo. Akaniambia nimwonyeshe kwanza kazi zangu. Nikampa simu. Akazipitia taratibu sana, kisha akaigeuza ile simu akatazama mgongo wake, kama anayetafuta kitu.

Akasema, "Watu wako hawana mgongo."

Alikuwa na sanamu ya ujamaa haijaisha, ile ambayo watu wanapandiana kwenye gogo moja, huyu kabeba yule, yule kashika mguu wa huyu. Akaniambia niizunguke. Nikaizunguka. Kwa kweli ile kazi haina mbele. Popote unaposimama kuna mtu anakutazama na mwingine amekupa kisogo, na wa kisogo amechongwa kwa uangalifu uleule. Mimi miaka tisa nimepiga nyuso.

Wiki mbili zilizofuatia nilipiga migongo tu. Mgongo wa muuza samaki sokoni na jasho limechora ramani kwenye fulana. Mgongo wa mama na mtoto ndani ya kanga. Kwenye harusi iliyofuata nikamwacha msaidizi wangu abaki mbele na mikao ya kawaida, mimi nikazunguka. Nikampata mama wa bibi harusi anafunga vifungo vya nyuma vya gauni, vidogo vile, na vidole vyake vya shamba haviwezi, anarudia, anarudia. Binti hajui kama napiga, yeye anatazama ukutani. Katika picha 400 za siku ile, hiyo ndiyo ambayo familia iliichagua kuikuza na kuitundika sebuleni. Wala haina uso hata mmoja.

Mchongaji sikumpiga siku ile. Nilirudi miezi miwili baadaye, akakubali.

*

Mchangiaji, Lindi mjini:

Mkuu, nimesoma neno kwa neno. Lakini wewe una Mikindani. Sisi Lindi tufanyeje? Nimezunguka mji wote mpaka viatu vimeisha, naona picha zilezile za ghuba.

Mleta uzi:

Kaka, ningekuwa Lindi ningelala kwenye majaruba ya chumvi. Maji yametulia, anga yote imo chini, mtu anakokota chumvi na kivuli chake kinamfuata kichwa chini. Na chumvi ni nyeupe, kwa hiyo ule mwanga wa kutoka chini niliousema unao bure, tena kuliko mchanga wetu. Angalia tu kamera isikudanganye, penye weupe mwingi inatoa picha nyeusi. Ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu. Kisha panda kivuko cha Kitunda mara ishirini bila kupiga, mara ya ishirini na moja ndiyo utoe kamera. Abiria watakuwa wamekuzoea.

Halafu mna Tendaguru, nasi tunaipita kama si kitu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale mifupa ya dinosaria, na watu wa huku ndio waliochimba na kubeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mifupa ile leo imesimama jumba la makumbusho Berlin, mnyama mrefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Hapa hakuna mfupa wa kupiga. Kuna kilima, kuna nyasi, kuna njia ya kwenda baharini. Mimi nimekuwa nikiwaza sana namna ya kupiga kitu ambacho kimeondoka, na sijaipata. Pengine mtu wa Lindi ndiye atakayeipata, si mimi.

*

Mchangiaji, Masasi:

Mimi nina simu tu, tena kioo kimepasuka. Uzi huu unanihusu?

Mleta uzi:

Unakuhusu kuliko wote, dada. Sharti langu lilikuwa kujinyima, wewe umeshanyimwa tayari. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila unapoanza, vumbi la Masasi na mafuta ya vidole ndiyo adui. Usivute kwa vidole, sogea kwa miguu. Na chagua mlima mmoja. Mna ile milima ya mawe imesimama peke yake kama imedondoshwa. Piga mmoja, huohuo, kutoka nyumbani kwako, kwa mwaka mzima: mvua za Januari, ukungu, moshi wa mashamba. Usimwonyeshe mtu mpaka zifike hamsini.

*

Mchangiaji, Mtwara:

Sisi wa studio ambao hatutoki je? Kuanzia saa 2 asubuhi nipo na kitambaa cha bluu na foleni ya pasipoti.

Mleta uzi:

Swali zuri, na hapa nataka niwataje wawili ambao wote walikuwa watu wa studio kama sisi. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliwapiga watu wa mji wake uani kwake kwa mwanga wa jua, na nyuma yao alitundika vitambaa vya maua. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Ua la kitambaa linagongana na ua la gauni la mteja, na hapo ndipo uzuri unapozaliwa. Sasa sisi tuna kanga. Tuna vitenge kutoka ng'ambo ya Ruvuma, tuna mikeka. Tukaenda kununua kitambaa cha picha ya maporomoko ya maji ya Ulaya! Nimekitoa changu. Nikanunua doti nne za kanga, na mteja anachagua mwenyewe asimame mbele ya maneno gani. Kuna bibi alikataa zote tatu za kwanza, akasoma ya nne, akacheka, akasema hii ndiyo yangu. Picha yake imebeba ule mcheko.

Wa pili ni Samuel Fosso. Alifungua studio Bangui, Afrika ya Kati, akiwa na miaka 13, mwaka 1975. Jioni filamu ikibaki na nafasi chache hakutaka ziharibike, basi akajipiga mwenyewe, na picha nyingine akamtumia bibi yake Nigeria. Hizo za baki ndizo zilizomfanya ajulikane duniani.

Nikachukua hilo la baki. Mteja wa pasipoti akimaliza, namwambia: imebaki moja, bure, kaa unavyotaka. Ninyi jaribuni. Mtu aliyekuwa amekakamaa kama mti kwa ajili ya pasipoti, akisikia imekwisha, anashusha mabega. Fundi baiskeli alitoa spana mfukoni akaishika kifuani. Mwanafunzi akavua viatu. Nina zaidi ya 200 sasa, na ninazipenda kuliko harusi zangu zote za miaka saba ya mwanzo. Nazichapa ndogo, moja yangu, moja yake.

Kuchapa ni jambo jingine, nalitaja haraka: rudisheni picha kwa watu. Yule mvuvi wa Mikindani nilimpelekea yake kwenye karatasi. Tangu siku hiyo wavuvi wananipigia simu wenyewe wakiona jambo pwani. Hakuna programu inayokupa hilo.

*

Mchangiaji, Newala:

Mkuu vipi kuhusu ngoma? Mimi naona mawazo mapya yote yako kwenye jando na unyago, hakuna aliyepiga.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, hapo nakusihi usimame. Hakuna aliyepiga kwa sababu hapapigwi. Sindimba ikichezwa uwanjani mbele ya watu, omba ruhusa, piga. Kinachofanyika ndani ya jando na unyago ni cha wenyewe, na wengi wao ni watoto. Miaka ya nyuma nilipita mahali kijijini nikainua kamera bila kuuliza, bibi mmoja akaja taratibu akaweka kiganja chake juu ya lenzi. Hakunitukana. Akakaa hivyo mpaka nikaishusha. Ninamshukuru hadi leo. Vilevile bandarini, kambini, na mitambo ya gesi Madimba, usilete ubishi na walinzi, tafuta kibali au ondoka. Droni nayo ina vibali vyake.

Wewe wa Newala una vitu viwili ambavyo mimi navililia. Asubuhi pale Shimo la Mungu, ukungu ukiwa umejaa bondeni na wewe uko juu yake. Na salfa. Mwezi wa Juni na Julai wakulima wanapulizia mikorosho kuzuia ubwiri unga, nao wanawahi alfajiri kabla ya upepo, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Nilikwenda mara moja kwa mwenyeji wangu. Mtu kabeba mashine mgongoni, inanguruma kati ya miti, unga wa njano unapanda, na jua linaingia kwa michirizi kati ya matawi. Kwa dakika kumi shamba zima linakuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona popote. Kisha upepo unaamka na yote yanakwisha. Vaa barakoa na miwani, salfa inachoma macho vibaya, na kamera ifunge kwenye mfuko wa nailoni ubakize lenzi tu. Mimi nilikwenda siku moja. Wewe unaishi hapo, una asubuhi sitini.

*

Mchangiaji, Lindi mjini:

Mkuu, nimekwenda majaruba leo. Sijapata picha. Lakini nimekaa na wafanyakazi mpaka saa 3, wamenikaribisha uji. Kesho narudi.

Mleta uzi:

Hiyo ni siku yako ya kwanza. Mimi nilifika ya nane.

Kwa walioko Mtwara: Ijumaa ni mwezi mpevu, maji yatakupwa mbali asubuhi. Saa 3 na nusu nitakuwa pwani Mikindani, upande wa ngalawa. Anayetaka kuja aje na lenzi moja, na viatu vya kulowa.